Mlango Tulioufunga

Somo: Mithali 21:13, Luka 12:16–21

Popote ulipo, ikiwa ni jikoni, dukani, au kitandani kwa ajili ya ugonjwa, sogea karibu usikilize.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kusikia. Nasi tutaanza na habari ya nyumba yetu wenyewe, ingawa si habari ya kujisifu.

Sisi wawili, mume na mke, tulikuwa walimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Hapa Kenya, tangu mwaka 2009, umri wa kustaafu katika utumishi wa serikali ni miaka 60, wala si 55 kama ilivyokuwa zamani. Tulipoufikia umri huo tulipewa kiinua mgongo chetu. Wengine wakipata fedha hizo hununua matatu, na wengine hujenga nyumba za kupangisha. Sisi tulikuwa na tamaa moja tuliyoitunza tangu ujana wetu. Tulitaka chombo cha muziki kilicho bora kabisa, kiwe cha mwisho, tusinunue kingine tena mpaka Bwana atakapotuita.

Ndugu msikilizaji, usituhukumu upesi. Kupenda sauti nzuri si dhambi. Biblia inamtaja Yubali mapema sana, katika Mwanzo sura ya 4, kuwa ndiye baba yao wapigao vinubi na filimbi. Daudi alipiga kinubi na mfalme Sauli akapata nafuu. Nasi miaka yote ya kazi tulisikiliza nyimbo katika redio ndogo iliyokwaruza, tukisema, “Iko siku.”

Basi siku ikafika, tukaanza kujenga. Tulinunua kinanda cha santuri kilicho kizito, kisichotikisika hata mtu akipita karibu. Tukanunua sindano yake, kitu kidogo kama punje ya mtama, lakini bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya kitanda chetu. Tukanunua kikuza sauti, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Kwa jumla tulitumia fedha ambazo zingetosha kununua ng'ombe watatu wa maziwa.

Halafu tukajifunza kwamba chombo si kitu bila chumba. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na ikikutana na ukuta mtupu hurudi na kuvuruga ile inayoifuata. Kwa hiyo tukatandika zulia nene na kupanga vitabu vyetu ukutani. Viti viwili tukaviweka mahali panapofaa, ili pawe na pembetatu iliyo sawa pande zote baina ya spika mbili na msikilizaji. Paa letu ni la mabati, na ninyi mnajua mvua ikinyesha juu ya mabati hata mhubiri hunyamaza. Fundi akatutengenezea dari, akajaza sponji juu yake. Mwisho tukaushughulikia mlango. Tukapiga vipande vya blanketi pande zote nne, hata ulipofungwa hakuna mlio wa sufuria, wala wa kuku, wala wa mtoto, ulioweza kuingia. Tulikaa ndani tukasikia kimya ambacho hatukupata kukisikia maishani. Tukashukuru Mungu kwa ajili ya kimya kile.

Wiki ya kwanza alikuja mjukuu wetu wa miaka tisa. Alikaa dakika moja tu, akakunja uso, akasema, “Babu, Nyanya, kuna kitu kinapiga mluzi.” Tukasikiliza, hatukusikia kitu. Tukamwambia anasikia mawazo yake. Fundi alipokuja alikuta kasoro ndogo katika kikuza sauti, nayo ilikuwa ikitoa mluzi mwembamba sana. Mtoto alikuwa amesema kweli.

Sikio la kijana husikia sauti nene ya mitikisiko 20 kwa sekunde, hadi nyembamba ya mitikisiko 20,000. Lakini chembe zile ndogo zenye vinywele ndani ya sikio hufa kidogo kidogo, wala hazioti tena. Sauti zinazotangulia kupotea ni zile nyembamba. Ndiyo sababu mzee husikia kwamba unazungumza, lakini hafahamu usemalo, kwa maana herufi kama s na f hukaa huko juu. Basi spika zetu ziliweza kutoa mitikisiko 20,000, nasi masikio yetu yalikuwa yameacha kuisikia zamani. Tulicheka siku ile. Hatukujua bado kwamba tulikuwa tumefundishwa nusu tu ya somo.

Nusu ya pili tulifundishwa hivi. Mama yetu, mwenye miaka 89, alikuwa akiishi nasi, naye chumba chake kilikuwa upande wa jikoni. Jioni moja ya mvua tulimpa chakula, tukamtakia usiku mwema, tukaingia chumbani kwetu tukafunga mlango. Tuliweka santuri za Messiah wa Handel, ule muziki ulioimbwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Sehemu ya kwanza peke yake huchukua karibu saa nzima. Mara mbili tulisimama tukageuza santuri, na katika ule muda wa kugeuza palikuwa kimya kabisa. Tulidhani ni nyumba nzima iliyotulia, kumbe ni chumba chetu tu.

Tulipotoka kwenda kuchemsha chai tulimkuta Mama sakafuni, hatua sita kutoka mlango wetu. Alikuwa ameamka kutafuta maji, akateleza, akaumia nyonga. Kanga yake ilikuwa imelowa, na mikono yake ilikuwa baridi. Alikuwa amelala pale karibu saa nzima.

Tulilia, tukamwuliza kwa nini hakuita. Akajibu kwa upole, “Niliwaita, wanangu. Niliita sana. Halafu nikasikia kinanda chenu kinavuma humo ndani, nikasema, wamefanya kazi miaka mingi, waache wapumzike.”

Wapendwa, tumeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Yeye alitusikia sisi, lakini sisi hatukumsikia yeye. Inakuwaje, na mlango ni ule ule mmoja? Jawabu ni rahisi kwa wanaojua mambo ya sauti. Sauti nene hupenya ukuta na mlango, lakini sauti nyembamba huzuiwa. Muziki wetu wenye nguvu ulitoka nje ukamfikia. Sauti ya mwanamke mzee aliyeumia haikuweza kuingia. Hatukuwa tumekusudia ubaya. Tulikuwa tumejenga tu chumba ambacho mwenye nguvu husikika nje yake, na mnyonge hasikiki ndani yake.

Tusome sasa kile kisa cha tajiri katika Luka 12. Shamba lake lilizaa sana, akaazimia kubomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi, kisha apumzike. Ukisoma polepole utaona jambo la ajabu. Katika habari ile yote mtu huyu hazungumzi na mke, wala na jirani, wala na mfanyakazi aliyevuna nafaka ile. Anazungumza na nafsi yake tu. Sauti ya kwanza kumfikia kutoka nje ni ya Mungu, nayo inakuja usiku ule anaotakiwa kufa. Sisi hatukujenga ghala. Lakini chumba chetu kilikuwa mahali pa kuzungumza na nafsi zetu, nasi tulikipiga blanketi ili tusisumbuliwe.

Na katika Mithali 21:13 tunaonywa kwamba mtu anayejifanya kiziwi mnyonge anapolia, yeye naye atakuja kulia na kukosa wa kumjibu. Hebu fikirini. Sisi nasi twazeeka. Iko siku mmoja wetu ataanguka sakafuni, na sauti yake itakuwa nyembamba. Je, tutakuwa tumewafundisha wajukuu wetu kuacha milango wazi, au kuifunga?

Labda utasema, “Mimi sina chombo cha bei kama hiyo.” Kweli, lakini mlango hauhitaji fedha nyingi. Kijana huufunga kwa vidude vya masikioni anapoketi mezani na wazazi wake. Baba huufunga kwa taarifa ya habari wakati mama anapotaka kumweleza habari ya karo. Hata kanisa laweza kuufunga. Makanisa mengi leo yanashindana kwa vipaza sauti. Ukitaka watu waone sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu ya umeme inayoingia katika spika huna budi kuiongeza karibu mara kumi. Twachanga fedha, twanunua, na mtaa mzima watusikia. Ni vema Injili isikike. Lakini yule mjane anayeketi benchi la nyuma, ni nani aliyemwuliza wiki hii kama alikula? Kanisa lenye sauti nene yapasa lichunguze kama sauti nyembamba yaingia.

Basi sisi tulifanya nini? Hatukuuza chombo kile, kwa maana kosa halikuwa la chombo. Kesho yake asubuhi tulibandua blanketi mlangoni, na tangu siku ile mlango ule haufungwi muziki unapopigwa. Tulinunua kengele ya mkono, kama ile tuliyokuwa tukiipiga shuleni, tukaiweka kando ya kitanda cha Mama. Bei yake haikufikia hata ile ya waya mmoja wa spika zetu.

Kisha tukaleta kiti cha tatu. Hakikuwa mahali panapofaa. Fundi angesema kimeiharibu pembetatu. Mama aliporudi kutoka hospitali, akitembea kwa fimbo, alikaa hapo kila jioni. Alikuwa akiimba-imba juu ya muziki, mara nyingi wimbo mwingine kabisa na ule unaopigwa. Hatukumwambia anyamaze. Mvua ilisikika, kuku walisikika, naye alisikika.

Bwana alituachia Mama miezi kumi na minne zaidi, kisha akamchukua. Kiti chake kingali pale. Jioni nyingine twaketi bila kuweka santuri yoyote, mlango ukiwa wazi, nasi twasikiliza tu nani anaita.

Ndugu msikilizaji, leo kabla hujalala, fanya jambo moja. Zima redio hii kipindi kitakapokwisha, kaa kimya kidogo, na ujiulize, “Katika nyumba yangu, ni sauti ya nani iliyo nyembamba kuliko zote?” Kisha uinuke umwendee mtu huyo, ukae karibu naye, umwache aseme mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Mungu uliyetuumbia masikio, twakushukuru kwa nyimbo na vinanda na kwa kila sauti njema. Utusamehe kwa milango tuliyoifunga. Masikio yetu yanapopungua, usiache mioyo yetu ipungue pamoja nayo. Wakumbuke wote wanaoita usiku huu wala hawajibiwi, na ututume kwao. Twaomba katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Bwana awe nanyi nyote.