Hotuba ya Karani juu ya Daftari la Wategemezi
(Iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Soy)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya daftari la wategemezi, maana kalamu inayoandika na kufuta majina humo ni yangu. Mmekwisha kusikia kwamba kampuni moja ya Eldoret imetaka kutukagulia daftari hilo kwa malipo. Barua zitaandikwa na watu wake, lakini zitachukua jina letu na mhuri wetu. Desturi hii mawakala wa bima waijua sana: kazi hufanywa na mmoja, jina likawa la mwingine.

Sipingi ukaguzi. Fedha za matibabu na mazishi hutoka katika mfuko mmoja, na humo daftarini wamo watoto walioandikwa wakiwa wachanga ambao leo wana wake na mashamba yao. Yuko pia bibi mmoja aliyeandikwa na mwanawe na mkwewe, kila mmoja kwa upande wake. Hata bima ya Serikali ina mpaka. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa ile Hazina ya Bima ya Hospitali ya mwaka 1966 tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humhesabu mtoto asiye na kipato chake kuwa mtegemezi mpaka miaka 21, au 25 akiwa bado masomoni. Yafaa nasi tuwe na mpaka.

Walakini mgeni atataka hati, na wengi wetu tulioa kwa ng'ombe bila kwenda kuandikisha, ijapokuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatutaka tuandikishe. Tena kwa Wanandi, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kumwoa mwanamke kwa mahari ili nyumba yake ipate mrithi. Mama huyo ndiye mume, na watoto ni wake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji Ojwang, iliikubali ndoa ya namna hiyo katika shauri la urithi. Na Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 29, yamtaja kuwa mtegemezi hata mtoto ambaye marehemu alimtwaa akamfanya wake. Basi sheria yenyewe yajua mambo ambayo fomu ya kampuni haina nafasi ya kuyaandika.

Naomba radhi nitaje kosa langu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilimwandikia mzee mmoja barua, nikimtaka alete hati ya kuthibitisha kwamba kijana fulani ni mwanawe. Mzee hajui kusoma. Aliyemsomea barua ile ni kijana yule yule, mtoto wa marehemu ndugu yake. Walikuja wote wawili afisini. Mzee akaketi, akaniambia, "Karani, huyu hapa. Mwulize wewe babaye ni nani." Sikuuliza. Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe kwa sababu anijua, alimjua na baba yangu. Je, kama barua ile ingaliandikwa na mtu asiyejulikana, kwa mhuri wetu, mzee angalikwenda kwa nani?

Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamlazimu anayekusanya habari za watu awaambie ni nani watakaozipokea. Kujificha nyuma ya jina letu hakupatani na hayo.

Kwa hiyo naleta ombi kwamba ukaguzi ufanywe na wazee wawili wa kila kijiji pamoja na karani, nyumba kwa nyumba, kabla ya mvua za kupanda mahindi. Mwenye hati aonyeshe. Asiye nayo alete barua ya chifu, na wazee wawili wamshuhudie. Jina lisifutwe kabla mwenyewe hajaitwa na kusikilizwa. Na kazi hii ifanywe sasa watu wakiwa wazima, maana mwaka jana tulibishana juu ya nani ni mke wa nani huku maiti i mochari na gharama zikipanda kila siku.

Fomu ziko mezani karibu na mlango. Yangu nimekwisha kuijaza: mdogo wangu amepata kazi, na jina lake nimelifuta jana.