Ngano Imeachwa, Tumbo Bado Linauma: Dalili Zinazobaki kwa Mgonjwa wa Siliaki na Hali Halisi ya Nyarugusu



Mada niliyopewa inamhusu mgonjwa aliyeacha vyakula vyote vya ngano kwa sababu ya ugonjwa wa siliaki, akafuata masharti, na baada ya miezi bado analalamika: tumbo linajaa gesi, choo ni chepesi, mwili hauna nguvu. Vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vina sura nzima juu ya mgonjwa huyu. Sura hizo zinachukulia kwamba amepimwa, ugonjwa umethibitika, na chakula chake kikuu kilikuwa mkate. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hatuwezi kuchukulia lolote kati ya hayo. Kwa hiyo sitaisoma sura hiyo hapa. Hoja yangu ni moja: kwetu sisi, mtu aliyeacha ngano na bado anaumwa asikatazwe chakula kingine mpaka tumejua kama aliwahi kuwa na siliaki, na mpaka tumetafuta kilichomo tumboni mwake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa watu wachache wenye vinasaba vya aina ya DQ2 au DQ8, kinga ya mwili huishambulia gluteni na wakati huohuo huharibu vinyweleo vya utumbo mwembamba, vile vinavyofyonza chakula. Matokeo yake ni kuharisha, upungufu wa damu, mtoto kudumaa, mifupa kudhoofika. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya njaa ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto aliokuwa akiwatibu walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuumwa. Dawa yake mpaka leo ni hiyo aliyoiona yeye: kuacha gluteni maisha yote.

Huko Ulaya inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 anao ugonjwa huu. Kusini mwa Sahara taarifa ni chache, na wengi wetu tulifundishwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Somo hilo lina kasoro, na kasoro yake imeonekana katika kambi ya wakimbizi kama yetu. Mwaka 1999 daktari wa Italia, Carlo Catassi, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kisaharawi wanaoishi kwenye kambi za Tindouf, Algeria. Asilimia 5.6 ya watoto hao walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko chochote kilichojulikana wakati huo. Wazee wao walikuwa wachunga ngamia, wakiishi kwa maziwa, nyama na tende. Kambini chakula kikawa unga wa ngano wa msaada. Vinasaba vilikuwepo siku zote, ngano ndiyo iliyokuja baadaye.

Sasa turudi Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na kuanzia 2015 ikawapokea Warundi pia. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani una unga wa mahindi, kunde au maharage, mafuta, chumvi, na unga wa uji uliorutubishwa kwa makundi maalumu. Mbali na mgao kuna muhogo, sombe, lengalenga, ndizi, na dagaa pale fedha inapopatikana. Hakuna gluteni katika mahindi, muhogo, mchele, mtama wala ulezi. Mkimbizi wa Nyarugusu, bila kuambiwa na yeyote, anakula karibu chakula kilekile ambacho mgonjwa wa London anakinunua kwa bei ya kuruka. Ngano anayokula ni ya kununua: chapati, mandazi, mkate, biskuti, tambi.

Basi ushauri wa kuacha ngano unafikaje hapa? Njia mojawapo ni simu. Maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, na huko neno "gluteni" limeandikwa kwenye kila rafu ya duka. Ndugu aliyeko kule akisikia kwamba mama yake anaumwa tumbo, anamtumia ujumbe wa sauti: mama, acha ngano. Njia nyingine, niseme wazi, ni sisi. Zamani kila tumbo lilikuwa "vidonda vya tumbo", mgonjwa akaachishwa maharage, pilipili na machungwa. Sasa baadhi yetu tumejifunza sharti jipya na tunalitoa kwa wepesi uleule.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa Kikongo wa makamo, mwenye watoto, aliacha chapati na mandazi miezi mitatu iliyopita. Wiki mbili za mwanzo alisema amepata nafuu. Leo ameketi mbele yako anakwambia, "Daktari, tumbo ingali inaniluma." Tumpe nini?

Swali la kwanza: alipimwa? Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinachotafuta kingamwili za siliaki, na kinapaswa kufanywa mtu akiwa bado anakula ngano. Akishaiacha, kingamwili hushuka kidogo kidogo na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao. Ndiyo maana kumwambia mtu "jaribu kwanza kuacha, tuone" ni kujifungia mlango. Atakayehitaji kupimwa baadaye itabidi arudishiwe ngano, kiasi cha chapati moja au mbili kila siku kwa wiki sita hivi, chini ya uangalizi, na kama ni mgonjwa kweli wiki hizo zitakuwa za mateso. Na ile nafuu ya wiki mbili haithibitishi kitu. Ngano ina sukari za aina ya fruktani ambazo huchachuka utumboni na kumjaza gesi mtu yeyote mwenye tumbo jepesi; akiipunguza atajisikia vizuri, awe na siliaki au asiwe nayo.

Swali la pili linamhusu yule aliyethibitika kweli: je, ngano imetoka? Tafiti za nje zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 7 na 30 ya wagonjwa wa siliaki hubaki na dalili, na sababu inayoongoza ni gluteni inayoingia bila wao kujua. Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo sana. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu mbili hivi, na miligramu 50 tu kwa siku, yaani sehemu moja ya 40 ya kipande hicho, huharibu utumbo zikiliwa kwa miezi. Ingia basi jikoni kwa huyu mama. Chekeche ni moja. Asubuhi jirani aliiazima kuchekecha unga wa mandazi ya biashara, akairudisha imekung'utwa kwa kiganja. Jioni inachekecha unga wa mahindi. Kikaango ni kimoja na mafuta hayamwagwi. Kijijini nje ya kambi mashine ya kusaga inapokea mahindi, muhogo, na siku nyingine ngano ya mtu.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni unga wa lishe. Ule unaouzwa madukani, na ule tunaowafundisha akina mama kuuchanganya wenyewe, mara nyingi una ulezi, mchele, karanga, soya na ngano ndani yake. Mgonjwa anaacha chapati kisha kila asubuhi anakunywa uji wa ngano kwa amri ya kliniki. Unga wa uji wa msaada nao usomwe mfuko: upo uliotengenezwa kwa mahindi na soya, upo wa ngano na soya. Biskuti za nguvu wanazopewa watu wakiwa safarini ni za ngano. Bia ina shayiri. Hata hostia ni ngano, na Mkatoliki mwenye siliaki anaruhusiwa na Kanisa lake kupokea divai peke yake. Azungumze na padri mapema, asisubiri mstarini.

Swali la tatu ni la muda, na nitalipitia haraka. Dalili huanza kupungua katika wiki chache, kingamwili huchukua miezi sita hadi mwaka na zaidi kushuka, na utumbo wa mtu mzima unaweza kuhitaji zaidi ya miaka miwili kupona. Katika kipindi hicho maziwa yanaweza kumsumbua, kwa sababu kimeng'enya cha kuyasaga hukaa juu ya vinyweleo vilivyoharibika. Siliaki sugu kabisa, inayokataa kupona hata gluteni ikiisha, ipo kwa wachache mno na hatutaanza nayo.

Swali la nne ndilo letu hasa. Kuna nini kingine tumboni? Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu mazoea yetu. Tangu kipindupindu cha Kagunga, Mei 2015, maelfu ya Warundi walipobanana ufukweni wakisubiri MV Liemba iwapeleke Kigoma, tumekuwa hodari wa choo cha maji mengi. Tunakikimbilia. Choo chepesi cha miezi mitatu, chenye harufu kali na kinachoelea, tunakipa maji ya chumvi na sukari na kukiaga.

Choo cha namna hiyo kwanza kifikiriwe kuwa giadia. Mdudu huyu anaenezwa na maji na mikono, anajibandika kwenye utumbo mwembamba uleule unaoharibiwa na siliaki, na anaweza kusawazisha vinyweleo hata sampuli ya nyama ya utumbo ionekane kama ya siliaki. Haonekani kila siku. Kipimo kimoja kikisema hakuna kitu, hakijasema lolote: zinahitajika sampuli tatu za siku tofauti. Tuiangalie meza ya maabara saa nne asubuhi, vikopo vimepangwa, vingine vimeletwa tangu saa moja na jua linaingia dirishani. Giadia na amiba wanaotembea hufa wakikaa; choo chepesi kisomwe ndani ya nusu saa. Mhudumu akimwambia mgonjwa alete cha asubuhi kisha sampuli ikasomwa mchana, tumepoteza kopo na imani ya mgonjwa. Na hata giadia akitibiwa, laktosi, yaani sukari ya maziwa, inaweza kumsumbua mgonjwa wiki kadhaa. Asiambiwe dawa imeshindwa.

Kuna strongiloidesi, mnyoo asiyeondoka kwa dozi moja ya albendazoli tunayogawa. Kuna kichocho cha utumbo, nacho kikumbukwe kwa kila aliyetoka Fizi, Uvira, Kalemie au vijiji vya ziwani Kigoma. Waliosafiri kwenda Marekani walipewa albendazoli na prazikwanteli kabla ya kupanda ndege. Waliobaki hatuwapi dawa hizo kwa utaratibu huo. Kuna virusi vya ukimwi, ambavyo vipimo vyake tunavyo hapahapa, na kifua kikuu cha tumbo.

Kisha kuna chakula kilichochukua nafasi ya ngano. Huyu mama alipoacha chapati ameongeza nini? Maharage na kunde zina sukari zinazochachuka kama zile za ngano, na zaidi. Halafu kuni za kuyaivisha. Kila mmoja hapa anajua kuni za Nyarugusu zinapatikana wapi na kwa hatari gani kwa wanawake. Maharage yasiyolowekwa, yaliyoepuliwa motoni kabla hayajaiva, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Muhogo mchungu nao, usipovundikwa siku za kutosha na kukaushwa, unabaki na sianidi: kichwa kinauma, kizunguzungu, tumbo linasokota. Mwenye njaa hafupishi siku za kuvundika kwa kutojua, bali kwa sababu unga umekwisha. Mwaka 2023 mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi nusu kwa uhaba wa fedha. Kumwambia mtu wa mgao huo aache hiki na kile bila ushahidi ni kumpunguzia tena, safari hii kwa cheti cha daktari.

Msinielewe kwamba siliaki haipo hapa. Tindouf imetufundisha tusiapie hilo. Mtoto asiyekua ingawa anakula uji, mtu mzima mwenye upungufu wa damu usiopona kwa madini ya chuma wala dawa za minyoo, wapelekwe. Rufaa ipitie hospitali ya Maweni, na anayehitaji kipimo cha kamera na sampuli ya nyama ya utumbo afike hospitali ya Bugando. Aende akiwa bado anakula ngano, na barua iseme hivyo. Anayesoma sampuli akumbushwe pia kwamba mgonjwa ametoka mahali penye maambukizi mengi ya utumbo, kwani watu wengi wa mazingira yetu wana vinyweleo vilivyofupika kidogo bila siliaki yoyote. Sampuli bila kipimo cha damu ni nusu ya jibu.

Ninachoomba kwa semina hii ni mambo ya kuanza Jumatatu. Maabara zipange muda wa kupokea choo na kukisoma papo hapo, na sampuli tatu ziwe kawaida kwa kila anayeharisha zaidi ya wiki mbili. Wanaofundisha unga wa lishe waitoe ngano kwenye mchanganyiko. Mahindi, karanga na dagaa vinatosha bila hiyo. Wanaogawa unga wa uji wawasomee watu kilichoandikwa kwenye mfuko, kwa Kiswahili na Kirundi. Na mtu yeyote asiandike "aache ngano" kwenye kadi ya mgonjwa kabla ya jibu la kipimo cha damu kubandikwa kwenye kadi hiyohiyo.