Neno Letu Ndilo Hati Yetu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya walimu Wakristo wa kambi, siku ya kukumbuka kuhama kwetu kutoka Palma na vijiji vya Ghuba ya Tungue)

 

Sisi walimu tumeombwa kusema machache juu ya ukweli na ulimi katika maisha ya Mkristo. Hatukuona vema kuleta mahubiri ya mbali. Tutasema juu ya foleni ya maji, juu ya soko letu, na juu ya ile meza anapokaa mwandishi wa orodha. Hapo ndipo imani yetu inapopimwa kila siku.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wengi wetu tulitoka na nguo za mwilini tu. Wako waliokimbilia Quitunda, wako waliopanda mashua kwenda Pemba, wako walioshika njia ya Nangade na Mueda, na wako waliovuka Ruvuma wakarudishwa. Nyumba zilibaki, minazi na muhogo vilibaki, na humo ndani vilibaki pia vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule.

Wazee wanatukumbusha kwamba Tungue imeona karatasi nyingi. Ilikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1887, Wareno walipoitwaa kwa nguvu. Jirani zetu wa Kionga walishikwa na Wajerumani mwaka 1894, na mwaka 1916 wakaingia mikononi mwa Wareno. Mwaka 1975 tukapata bendera ya Msumbiji huru. Kila serikali ilikuja na mihuri yake, na mihuri ya jana ikawa si kitu. Lakini mtu aliyeaminika kwa neno lake hakuhitaji kubadilishiwa neno.

Sasa sisi tumerudi pale pale. Mtu anafika mezani mikono mitupu. Anaulizwa: Unaitwa nani? Umetoka kijiji gani? Mko wangapi? Kisha anaulizwa jirani yake: Huyu unamjua? Ndugu zangu, asiye na hati, neno lake ndilo hati yake. Akiliharibu neno hilo, ameichana hati yake mwenyewe, na mara nyingi ameichana na ya jirani.

Kwanza, tuseme juu ya orodha. Katika Matendo ya Mitume sura ya 5 tunasoma habari za Anania na mkewe Safira. Watu wengi hudhani walihukumiwa kwa sababu walibakiza fedha za shamba. Sivyo. Petro alimweleza wazi Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kusema hii ndiyo yote. Kwa hiyo mwenye mtoto Pemba anayemtumia fedha kidogo hana kosa kuzipokea. Kosa linaanza pale anaposema mbele ya meza kwamba hana mtu duniani, au anapoandikisha watoto sita naye anao wanne. Wengine husema, mali hii ni ya wageni, haimuumizi mtu. Lakini gari limeleta magunia yaliyohesabiwa. Wale watoto wawili wasiokuwapo wanakula, na wanaokula chakula chao ni watoto waliopo. Mgao unapopunguzwa, mama aliyefika jana na kichanga mgongoni ndiye anayeambiwa orodha imejaa.

Na aliyeshika kalamu naye ana neno lake katika Injili. Katika Luka sura ya 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji, wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi walichoamriwa. Basi anayeomba kitu ili aandike jina, iwe fedha, iwe kuku, au iwe mwili wa mwanamke, huyo anauza kisicho chake. Tunawaambia mabinti na akina mama: jina lako kuandikwa ni haki yako, halina bei. Akija mtu na bei, njoo na mwenzako, mkaseme mbele ya Kamati. Na Kamati isimwulize aliyeonewa kwa nini amesema.

Pili, tuseme juu ya kipimo. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na kila mtu alijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Leo sokoni tunapima kwa kopo. Yako makopo yaliyobonyezwa kitako. Mnunuzi anaona limejaa juu, haoni kilichopungua chini. Walawi sura ya 19 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na nabii Amosi aliwakemea waliokuwa wakingoja siku takatifu ipite ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Huwezi kuimba Jumapili ukabonyeza kopo Jumatatu.

Tatu, tuseme juu ya ulimi, na hapa tunaomba masikio yenu. Katika Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walikamata vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa kutamka neno moja, Shibolethi. Aliyelitamka Sibolethi alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Walianguka watu 42,000 wakati ule. Nao walikuwa ndugu, wote wana wa Israeli.

Sisi tunajua maana ya kivuko, na tunajua maana ya lafudhi. Mmwani, Mmakwe, Mmakonde na Mmakua, kila mmoja hujulikana akifungua kinywa. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, imekuwa rahisi mno kumnyoshea kidole mtu na kusema, huyu ni wa msituni. Labda mmegombania ndoo. Labda ana deni lako. Labda anaswali msikitini nawe unasali kanisani. Unasema neno moja kwenye foleni, jioni limefika kwa askari, usiku mtu amechukuliwa. Yakobo sura ya 3 anafananisha ulimi na moto mdogo unaochoma msitu mkubwa. Kwetu si mfano tena. Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu, tena shahidi wa uongo apewe adhabu ile aliyomtakia mwenzake. Basi ulichokiona kwa macho yako, kakiseme panapostahili. Ulichokisikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani, kiishie kwako.

Vijana wetu wa darasa la dini wametuuliza swali gumu, nasi hatutalikwepa. Walisema: Mwalimu, Rahabu alisema uongo kuwaficha wapelelezi, na Waraka kwa Waebrania unamsifu. Na sisi tuliofichwa uvunguni, na mwenye nyumba akawaambia wenye silaha kwamba hamna mtu ndani, je, alitenda dhambi?

Tunajibu hivi. Waraka huo unamsifu Rahabu kwa imani yake, kwa kuwa aliwapokea watu wale kwa amani. Alihatarisha shingo yake kwa ajili ya roho za wengine. Tumwachie Mungu kumpima aliyesimama mlangoni mbele ya panga, sisi tumshukuru. Lakini tusiazime mlango wa Rahabu tukaupeleka mezani kwa mwandishi. Yeye alisema akijitia hatarini ili jirani aishi. Anayeandikisha majina hewa anasema ili yeye ashibe na jirani alale njaa. Tena wako miongoni mwetu Wakristo waliofichwa na Waislamu, na Waislamu waliofichwa na Wakristo. Aliyeokolewa namna hiyo atawezaje kumsingizia jirani kwa sababu ya ndoo ya maji?

Ndugu wapendwa, wenzetu wengi wamekwisha kurudi Palma, na wengine watafuata. Huko kutakuwa na kuulizana: shamba hili lilikuwa la nani, mpaka ulipita wapi, mnazi huu nani aliupanda. Hati nyingi zimeungua. Wataitwa mashahidi, na mashahidi ndio sisi. Nabothi alipoteza shamba na uhai kwa vinywa vya mashahidi wawili wa uongo. Anayejizoeza uongo mdogo hapa kambini, ajue atafika nao kwenye mpaka wa shamba la yatima.

Kwa hiyo tuwafundishe watoto wetu, na kwanza tuwaonyeshe sisi wenyewe: mko wangapi? Tuko wanne. Uliona? Sikuona.