Dhana Zetu, Maumivu Yao

Msikilizaji, mtu anapotoweka, macho ya umma ni msaada mkubwa. Uvumi ni msiba juu ya msiba. Januari 2023 huko Lancashire, Uingereza, mama mmoja alitoweka kando ya Mto Wyre. Wapelelezi wa mitandaoni wakafurika kijijini na simu zao, wakirekodi makazi ya watu, huku ndugu na marafiki wakishukiwa hadharani. Polisi ikabidi wawatawanye. Februari 19 mwili ulipatikana mtoni. Juni, mchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa alizama kwa bahati mbaya. Ukiwa na taarifa, ipeleke polisi. Ukiwa na dhana tu, usiirushe. Familia inayomsubiri mtu wake imeelemewa tayari, tusiiongezee mzigo.