Mwenye Nyumba ya Wageni: Habari za Hospitali Zilizoachwa Mkoani Morogoro

Mada iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi, Masanze



Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Msamaria hakai siku nyingi. Kesho yake hutoa dinari mbili, humkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, naye hushika njia yake. Wahubiri humsifu Msamaria, na ndivyo ipasavyo. Lakini yule aliyebaki na mgonjwa, akaamka usiku kumpa maji, hutajwa kwa nadra mimbarani. Historia ya tiba katika mkoa huu wa Morogoro haieleweki pasipo mtu huyo.

Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ukaenea kandokando ya reli ya kati, na hapa Kilosa mashamba ya Kimamba na Rudewa yakajulikana mbali. Manamba walitoka Ubena, Uha, Unyamwezi na kwingineko. Baadhi yao walikuja na Ukristo walioupokea katika stesheni za misheni. Kazi ilikuwa na majeraha yake. Miiba ilichoma macho, mashine ya korona ilikata vidole, na malaria haikumwacha mtu kambini. Sheria ya kazi ya wakati wa Waingereza ilimtaka mwajiri awape watu wake matibabu. Basi mashamba yakajenga zahanati, na yale makubwa yakawa na wadi. Dresa wa shamba alikuwa mtu wa heshima kuliko nyapara, na kwa haki kabisa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka katika soko la dunia, na mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa kama tani 20,000 tu. Shamba lilipokufa, zahanati yake ilikufa nalo, kwa kuwa ilikuwa mali ya shamba kama korona ilivyokuwa mali ya shamba. Dresa hakuwa na mtu wa kumkabidhi ufunguo.

Shamba mojawapo lililoachwa hivyo lilikuwa Mazimbu, kilomita chache kutoka mjini Morogoro. Baada ya maasi ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao na kufika Tanzania. Mwaka 1977 Serikali iliwapa ANC eneo hilo, na jina la Mama Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, halisahauliki katika habari hiyo. Wakimbizi na mafundi wa Kitanzania walifyeka pori la mkonge, wakajenga shule. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979.

Wenye shule walihitaji pia mahali pa kutibiwa na pa kuzalia. Watu wa Uholanzi waliochukia ubaguzi wa rangi walichanga fedha, na mwaka 1984 ikafunguliwa Hospitali ya Mshikamano ya ANC na Uholanzi. Wanakijiji wa jirani nao walitibiwa humo. Jambo hilo lahesabiwa dogo katika vitabu vya siasa, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuliita dogo.

Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC iliondolewa. Wageni walianza kurudi kwao, jambo ambalo wao wenyewe na Watanzania walikuwa wameliombea kwa miaka mingi. Ni ajabu ya hospitali hii kwamba kuachwa kwake kulikuwa jibu la maombi. Hata hivyo, jengo lisilo na daktari huoza upesi, liwe limeachwa kwa huzuni au kwa furaha. Popo na mchwa hawaulizi sababu.

Tarehe 9 Julai 1992 Mazimbu, pamoja na Dakawa, ilikabidhiwa rasmi kwa Serikali ya Tanzania. Mazimbu ikawekwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho tayari kilikuwa Morogoro, chenye watu wake na bajeti yake. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu, na tiba haikukoma. Tofauti kati ya hospitali hii na zahanati za mkonge haikuwa ubora wa matofali. Alikuwepo wa kupokea.

Walutheri wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilijenga makazi ya wakimbizi wa Burundi huko Katumba, Ulyankulu na Mishamo, pamoja na vituo vya tiba. Lilianza kazi likijua kwamba litaondoka, na makazi hayo yakakabidhiwa kwa Serikali. Si kila mfadhili aliyefika na mchoro wa jengo amekuwa na adabu hiyo.

Usharika unapozungumza na marafiki wa ng'ambo juu ya zahanati, mazungumzo huanza na bati na saruji. Mshahara wa mganga katika mwaka wa sita, dawa zinapokwisha, pampu ya maji inapoharibika, hayo hubaki ukurasa wa mwisho, kama yameandikwa kabisa. Dinari mbili za Msamaria hazikuwa za kujengea nyumba. Nyumba ilikuwapo, zilikuwa za matunzo.

Huko Mazimbu lipo pia kaburini pa wale ambao hawakuwahi kurudi Afrika Kusini. Makaburi yao yanatunzwa, na ndugu zao wamekuja kutoka mbali kuyazuru.