Elimu ya Ardhi na Ndugu Zake

Leo twapenda kuwaonyesha ya kuwa elimu ya ardhi, yaani elimu ya miamba, milima na maziwa, haiwezi kusimama peke yake. Mfano wetu ni Ziwa Nyos, katika nchi ya Kameruni.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa karibu na ziwa hilo na katika mabonde ya jirani, pamoja na ng'ombe wao wengi. Nyumba zao zilikuwa zingali zimesimama. Basi, ni nini kilichowaua?

Wajuzi wa miamba waliona ya kuwa ziwa limekaa katika shimo la volkano, lakini maarifa hayo hayakutosha. Waganga walichunguza maiti, wakaona dalili za watu waliokosa pumzi. Wajuzi wa kemia walipima maji ya kilindini, wakakuta yamejaa hewa ukaa itokayo chini ya ardhi. Elimu ya fizikia ikaeleza yaliyosalia. Uzito wa maji ya juu huizuia hewa hiyo isitoke, kama kizibo kizuiavyo hewa ya soda. Bali maji ya chini yakipanda, hewa hufoka kwa nguvu. Nayo ni nzito kuliko hewa tuvutayo, kwa hiyo iliteremka mabondeni ikawakuta watu majumbani mwao.

Maarifa hayo yalipounganishwa, njia ya kinga ilipatikana. Mwaka 2001 mafundi walishusha bomba refu mpaka kilindini. Pampu ilianza kuvuta maji, kisha hewa yenyewe ikaendelea kuyapandisha, ikitoka kidogo kidogo pasipo kudhuru.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, lina hewa ukaa nyingi kilindini, tena lina methani, hewa iwezayo kuwaka. Sehemu ya methani hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hapo elimu ya viumbe nayo huingia. Tangu mwaka 2016 mtambo mkubwa nchini Rwanda huitumia kufanya umeme.

Basi, enyi wanafunzi, msilidharau somo lo lote mkidhani halina kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala elimu moja haikuweza kuwakinga watu wa Nyos.