HODHI LA KUOGEA NYUMBANI: JINSI YA KULIWEKA NA KULITUNZA

Haya ni maneno ya mazungumzo waliyopewa wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa mitaa ya magharibi ya Nairobi.

Siku hizi mtu akipita mbele ya maduka ya vyombo vya nyumba huko Westlands au katika Eneo la Viwanda, ataona mahodhi ya kuogea ya namna nyingi yamepangwa ili wapitao wayatazame. Mengine yana miguu minne kama ya simba, na mengine yamekaa sakafuni kama mtumbwi. Haya si yale yaliyojengewa ukutani na kuzungushiwa vigae. Haya husimama peke yake chumbani, na mtu aweza kuyazunguka pande zote. Wenye kujenga Lavington, Kileleshwa na Loresho huyapenda, na hata katika nyumba za ghorofa za Kilimani utayakuta.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuliweka hodhi la namna hii na kulitunza. Nitaanza kwa neno moja ambalo ndilo shina la mazungumzo yangu yote. Hodhi hili huitwa la kusimama peke yake, lakini kwa kweli halisimami peke yake. Lategemea maji ya mji, lategemea sakafu iliyo chini yake, na lategemea bomba la maji machafu ambalo mara nyingi jirani naye hulitumia. Mtu akinunua hodhi kwanza na kuyafikiri hayo baadaye, amejinunulia matata.

Desturi ya kuoga

Wazee wetu wengi hawakuwa na desturi ya kuketi ndani ya maji ya kuogea. Huko pwani, hodhi na birika vilikuwa vya kuwekea maji, na mwenye kuoga aliyachota kwa kata akajimwagia. Kuketi katika maji yale yale yaliyokwisha kumtoa mtu uchafu kulionekana jambo la ajabu, na wako wanaoliona hivyo hata leo. Hawana makosa. Afadhali mtu ajisafishe kwanza kwa maji ya kumwagika, kisha aingie katika hodhi kupumzisha viungo vyake. Akifanya hivyo, maji hayachafuki sana, nalo hodhi halishiki utando wa mafuta upesi.

Hapa Nairobi mahodhi yalienea pamoja na nyumba za Wazungu baada ya reli kufika mwaka 1899. Nyuma ya nyumba nyingi za siku hizo palikuwa na pipa la chuma juu ya meko, na mtumishi aliamka kabla ya mapambazuko kuwasha kuni. Aliyeoga hakujua taabu ya maji yale. Aliyeyapasha ndiye aliyejua. Katika nyumba nyingi za leo pipa lile halipo tena, lakini kazi yake haikuondoka. Hapana budi ifanywe na umeme au na jua, na mwenye hodhi ndiye atakayelipa.

Hesabu ya maji

Hodhi la kadiri hutaka lita 150 hivi kwa kuoga mara moja. Hiyo ni mitungi saba na nusu ya lita 20. Tusisahau kwamba Kawangware imepakana na Lavington, na kwamba Kangemi iko ng'ambo tu ya mitaa ya wenye nafasi. Katika mitaa hiyo jamaa wengi hununua maji kwa mtungi na kuyabeba kwa mkono. Sisemi hayo ili kumwonea mtu haya kwa kununua hodhi. Nayasema kwa sababu maji yetu sote yatoka mahali pamoja.

Mji huu ulianza kwa kunywa maji ya chemchemi za Kikuyu. Baadaye, mnamo mwaka 1956, ukapata bwawa la Sasumua katika Kinangop, na mnamo mwaka 1994 likamalizika bwawa kubwa la Ndakaini katika nchi ya Murang'a, ambalo laweza kushika mita za mraba na kimo, yaani mita za ujazo, milioni 70. Hata hivyo watu wameongezeka kupita maji. Mwaka 2017 kila mkaaji wa Nairobi aukumbuka: mvua zilikosa, Ndakaini likapungua, na maji yakagawiwa kwa zamu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hodhi, mtu alitazame tangi lake. Kama tangi lashika lita 1,000, hodhi moja likijazwa, karibu sehemu moja katika saba imekwenda. Kama nyumbani mna watu sita na zamu ya maji ni siku chache tu kwa juma, hesabu hiyo yajieleza yenyewe. Mwenye busara huongeza tangi kwanza, ndipo akanunua hodhi.

Tena maji yaliyokwisha kuogewa si ya kutupwa bure. Yaweza kuchotwa kwa ndoo na kumwagwa chooni, au kunywesha maua na miti, mradi hayakutiwa dawa kali.

Hesabu ya moto

Kosa la kawaida ni kununua hodhi la lita 150 na kuliunga na tangi la moto la lita 50. Maji ya tangi hilo yakiwa na joto la digrii 60, yakichanganywa na maji baridi ya digrii 20, yatatoa lita 100 tu za maji ya kuogea ya digrii 40. Mwenye nyumba atakuta maji yamemfika kiunoni na moto umekwisha. Lita 150 za digrii 40 zataka lita 75 za moto, na kuzipasha ni kazi ya uniti tatu na nusu za umeme hivi. Kile chombo kidogo cha umeme kinachofungwa juu ya bomba la mvua hakifai kabisa kwa kazi hii, maana hupasha maji machache yanayopita polepole.

Mtambo wa kupasha maji kwa jua ni msaada mkubwa katika nchi yetu. Lakini katika miezi ya Julai na Agosti, mawingu ya Nairobi yanapotanda kutwa, jua pekee halitoshi, na yafaa uwepo umeme wa kusaidia.

Uzito

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hodhi la zamani la chuma cha kusubu laweza kuwa na kilo 150. Ongeza maji kilo 150, na mtu wa kilo 75, utapata kilo 375. Kama hodhi lina miguu minne, kila mguu unakandamiza sakafu kwa kilo zaidi ya 90 mahali pasipozidi kiganja cha mkono. Hodhi la akriliki ni jepesi zaidi, laweza kuwa na kilo 45 tu, lakini maji na mtu hawapungui.

Sakafu ya zege iliyojengwa sawasawa kwa kawaida huweza kuuchukua mzigo huo. Lakini sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani, au sakafu ya ghorofa ambayo mtu hajui ilivyojengwa, hapana budi itazamwe kwanza na mhandisi. Mpangaji naye asiweke hodhi bila idhini ya mwenye nyumba.

Kazi ya kuliweka

Kwanza, pima mlango, ngazi na kona za nyumba kabla ya kulipa fedha. Hodhi lisilopita mlangoni halifai hata likiwa zuri namna gani.

Pili, fikiri mahali maji yatakapotokea. Bomba la kutolea maji lisiwe jembamba kuliko milimita 40, nalo literemke kidogo, kama sentimita mbili kwa kila mita moja, ili maji yasisimame humo. Chini ya tundu pawe na kiwiko cha bomba ambacho hushika maji kidogo wakati wote. Maji hayo machache ndiyo mlinzi azuiaye harufu mbaya isipande kutoka mferejini.

Tatu, liweke hodhi mahali pake kabla ya kuunga chochote, ulipime kwa pimamaji, urefu na upana, na kurekebisha miguu mpaka litulie. Acha nafasi ya kupitisha mkono na kitambaa pande zote, maana mahali pasipofikiwa na kitambaa ndipo panapozaliana ukungu.

Nne, kila bomba linaloleta maji liwe na koki yake ya kufungia, mahali penye kufikika upesi.

Tano, na hili nawasihi mlishike sana: mdomo wa mfereji uwe juu ya ukingo wa hodhi kwa vidole vitatu au zaidi. Huenda mtu akauliza, kwa nini? Zamu ya maji ya mtaa inapokwisha, mabomba hubaki bila nguvu na huweza kuvuta maji kurudi nyuma. Mdomo wa mfereji ukiwa umezama katika hodhi lililojaa, maji machafu yaweza kunyonywa yakaingia katika bomba la maji ya kunywa, ya nyumba ile na ya majirani. Kadhalika, bomba la mkono la kujimwagia lisiachwe likilala ndani ya maji. Katika mji ambao maji huja na kwenda, jambo hili si dogo.

Sita, kabla ya kumlipa fundi, jaza hodhi mpaka maji yafikie tundu la juu la kufurikia, uyaache kwa muda wa saa moja, kisha uyafungulie yote kwa mara moja. Pitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Kwa aliye ghorofani, tone lisiloonekana leo ndilo litakaloshuka katika dari ya jirani kesho, na maji yakimwagika hayazoleki.

Hatari

Mtoto mdogo aweza kufa maji katika maji ya kina cha sentimita chache tu, naye hazami kwa kelele, hunyamaza. Kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake hodhini hata kwa muda wa kwenda kuitikia hodi mlangoni au kujibu simu. Mchukue uende naye. Mtoto mkubwa kidogo hawezi kuwa mlinzi wake. Na maji yakiisha kazi, yaondolewe mara moja.

Tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, na kuyajaribu kwa kiko cha mkono kabla ya kumwingiza mtu. Ngozi ya mtoto na ya mzee huungua upesi kuliko ya kijana. Mzee apewe chuma cha kushika kilichofungwa imara ukutani, na mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza.

Umeme na maji ni maadui. Swichi ya kupashia maji iwe nje ya chumba cha kuogea, waya wa ardhini uwepo, na pawe na chombo cha kukata umeme mara unapovuja. Asifanye kazi hii mtu asiye na cheti. Simu iliyo katika kuchajiwa isiletwe karibu na hodhi kamwe.

Kulitunza

Kulitunza hodhi si kazi ngumu ikifanywa kila siku. Baada ya kuoga, lisuuze na kulipangusa kwa kitambaa laini. Usitumie mchanga, majivu, wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, maana hukwaruza uso wake, na penye mkwaruzo ndipo uchafu hushika. Sabuni ya maji yatosha. Madoa meupe ya maji ya kisima huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji, lakini katika hodhi la enameli usiiache siki ikae muda mrefu. Enameli ikibanduka, iitiwe fundi mapema, kabla kutu haijala chuma.

Toa nywele katika tundu kila juma. Chumba kisichotumiwa siku nyingi, mimina kopo moja la maji katika tundu la hodhi mara kwa mara, maana maji ya kile kiwiko hukauka na harufu ikapanda. Kila miezi michache chungulia chini ya hodhi na tochi, ushike viungo kwa mkono. Mfereji ukidondoka, badilisha mpira wake siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mabwana na Mabibi, hodhi zuri ni raha ya halali kwa mtu aliyefanya kazi. Lakini ajuaye maji yake yatoka wapi, yasimama juu ya nini, na yakitoka yaenda kwa nani, ndiye atakayeoga kwa raha, na jirani yake akalala kwa raha.